MAWAZO YA BUDHA NA HEKIMA YA WASHAIRI WA KIAJEMI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni katika jioni ya elimu ya sherehe za ukumbusho wa Jumuiya)

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Amma baad. Kamati ya sherehe hizi imeniheshimu kwa kunitaka niseme maneno machache ya elimu, nami nimechagua kuyalinganisha mawazo ya Budha na hekima iliyomo katika mashairi ya kale ya Waajemi. Yamkini baadhi yenu mlipoiona ratiba mlijiuliza: Je, Budha yatuhusu nini sisi, watu wa Kibla na wa Kitabu? Swali hilo ni la haki, na lastahili kujibiwa kabla ya jambo lolote jingine.

Vijana wetu leo husoma darasa moja na watoto wa kila dini, nao husoma vitabu ambavyo baba zao hawakupata kuviona. Humo hukutana na kauli mbili. Ya kwanza yasema kwamba dini zote ni kitu kimoja, majina tu ndiyo mbalimbali, na kwamba Maulana Rumi na Budha walisema neno lile lile. Ya pili yasema kwamba nje ya nyumba yetu hakuna hata chembe ya hekima, na anayechungulia dirishani amekwisha potea. Kauli hizi mbili zaonekana kuwa maadui, lakini kwa hakika ni ndugu, maana zote mbili humpumzisha mtu asitazame. Mimi nataka jioni hii tutazame. Tuone wapi watu hawa wamekutana, na wapi wameachana. Na pale walipoachana tusione haya kusema kwamba wameachana.

Kwanza tumjue kila mmoja wao. Huyo aitwaye Budha jina lake ni Siddhartha, wa ukoo wa Gautama, katika kabila la Wasakya. Mapokeo yasema alizaliwa Lumbini, mahali palipo leo katika nchi ya Nepal, na aliishi yapata karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, amani iwe juu yake. Alilelewa katika neema, kisha alipoona uzee, maradhi na mauti aliyaacha makao ya baba yake akatoka kutafuta dawa ya mambo hayo matatu. Alijitesa kwa njaa hata akabaki mifupa, asipate alichokitaka. Ndipo alipoishika njia ya katikati, isiyo ya anasa wala ya mateso. Neno Budha maana yake ni aliyeamka. Alifundisha mambo manne: kwamba maisha yamechanganyika na dhiki, kwamba dhiki hiyo ina chanzo, na chanzo chake ni tamaa, kwamba tamaa ikikoma, dhiki nayo hukoma, na kwamba iko njia ya kufikia huko, yenye sehemu nane, tangu kuona sawasawa na kusema sawasawa hata kuituliza akili sawasawa. Inasimuliwa kwamba alikufa akiwa na umri wa miaka 80.

Washairi wa Kiajemi, kwa upande wao, si mtu mmoja wala si mafundisho mamoja. Nitawataja wachache tu: Omar Khayyam wa Nishapur, mwanahesabu na mnajimu, aliyezaliwa mwaka 1048 na kufariki mwaka 1131, Sanai wa Ghazni, aliyeishi zama zile zile, Farid ud-Din Attar, naye wa Nishapur, aliyetunga kisa cha ndege, Jalaluddin Rumi, aliyezaliwa mwaka 1207 katika nchi ya Balkh na kufariki Konya mwaka 1273, Saadi wa Shiraz, aliyetimiza Bustan mwaka 1257 na Gulistan mwaka 1258, na Hafidh, naye wa Shiraz, wa karne ya 14. Jina la kitabu cha Saadi hamhitaji mkalimani, kwa kuwa neno bustani tulipewa na Waajemi hao hao, pamoja na bandari na serikali. Basi tuwazungumzapo watu hawa hatuwazungumzi wageni kabisa.

Je, pande hizi mbili zilipata kuonana? Naam, zilionana, na mahali pa kuonana ni nchi ile ya Balkh, katika Afghanistan ya leo. Kabla ya Uislamu kufika, Balkh ilikuwa na hekalu kubwa la Mabudha liitwalo Nawbahar, ambalo msafiri wa Kichina Xuanzang alilizuru katika karne ya 7. Wasimamizi wa hekalu lile walikuwa na cheo cha Barmak. Kizazi chao kilisilimu, kikahamia Iraki, na ndicho kilichotoa mawaziri mashuhuri wa Kibarmaki, Yahya na wanawe, waliomtumikia Khalifa Harun al-Rashid hadi walipoangushwa mwaka 803. Ibn al-Nadim asimulia kwamba Yahya alimtuma mtu kwenda Bara Hindi kuleta dawa na kuandika habari za dini za huko. Tazameni basi: wajukuu wa walinzi wa hekalu walikuwa nguzo za Baghdad.

Hayo si yote. Kisa cha mwana wa mfalme aliyeuacha ufalme kilisafiri kutoka Bara Hindi kikaingia katika Kiarabu kwa jina la Bilawhar na Budhasaf, na Sheikh Ibn Babawayh, aliyefariki mwaka 991, alikitia katika kitabu chake. Kutoka Kiarabu kilipita kwa Wajojia, kisha kwa Wayunani, hata Wakristo wa Ulaya wakampa mwana yule jina la Josaphat na kumhesabu miongoni mwa watakatifu wao, bila kujua kwamba wanamsifu Budha. Al-Biruni alipoandika kitabu chake juu ya Bara Hindi, yapata mwaka 1030, alikiri waziwazi kwamba hakupata kitabu cha Mabudha wala mtu wao wa kumweleza. Na huo ndio uaminifu wa mwanachuoni. Shahrastani, aliyefariki mwaka 1153, alipoeleza sifa za Budha aliona kwamba, kama maelezo yale ni ya kweli, anayefanana naye zaidi ni Khidhr. Na Rashid ud-Din, waziri wa Wamongoli katika Uajemi, alitia sira nzima ya Budha katika tarehe yake ya ulimwengu kwa msaada wa mtawa wa Kashmir. Hawa wote walikuwa Waislamu, na hatukusikia kwamba imani yao ilipungua kwa kuuliza.

Sasa tuingie katika mawazo yenyewe.

Mahali pa kwanza wanapokutana ni katika kuijua dunia kuwa haidumu. Budha alifundisha kwamba kila kilichoundwa kitavunjika, na kwamba mtu huumia kwa sababu hushika kwa nguvu kitu kinachoteleza. Khayyam, au hao waliotunga kwa jina lake, maana si mashairi yote anayosingiziwa ni yake, aliingia kwa mfinyanzi akatazama udongo ukifinyangwa, akafikiri kwamba udongo ule huenda ulikuwa kichwa cha mfalme au mkono wa mpenzi. Khaqani alisimama mbele ya magofu ya Madain, jumba la wafalme wa Uajemi, akalia na kutaka tuyafanye kioo cha kujitazamia. Na sisi Waswahili hatuhitaji kwenda Madain. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, ameyatazama majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na mazulia, akayaona yamekuwa makao ya popo na wadudu, akaukanya moyo wake usighurike. Mtu aliyekuzwa na utenzi huo akisoma mafundisho ya Budha juu ya kutodumu kwa mambo, hawezi kusema kwamba sauti hii ni ngeni masikioni mwake.

Lakini tusiishie kwenye majumba. Tuje kwenye msiba, maana hapo ndipo falsafa hupimwa. Mabudha husimulia habari za Kisa Gotami, mama aliyefiwa na mwanawe mdogo. Alimbeba maiti mikononi akizunguka kuomba dawa, na watu wakamdhania ana wazimu. Alipofika kwa Budha aliambiwa: nenda kalete punje za haradali kutoka katika nyumba ambayo hakuna aliyepata kufa ndani yake. Mama akabisha hodi mlango baada ya mlango. Haradali ilikuwepo kila nyumba. Nyumba isiyofiwa haikuwepo. Jua lilipotua alikuwa amekwisha elewa, akaenda kumzika mwanawe.

Saadi naye, katika Bustan, asimulia kwamba alifiwa na mtoto wake katika mji wa Sanaa. Huzuni ilimshinda hata akaenda kaburini akaliondoa jiwe ili amwone tena. Kiza cha shimo lile kikamtia hofu, akili zikamruka. Na alipozindukana, ilikuwa kana kwamba mtoto mwenyewe anamwonya: ukiogopa kiza cha hapa, basi ingia na taa yako, na taa hiyo huwashwa kwa vitendo ungali hai.

Wazazi wangu mliomo ukumbini, wengi wenu mmezika watoto. Nyinyi mwajua zaidi kuliko mimi kwamba maneno ya kumliwaza mfiwa ni mepesi kinywani na mazito masikioni. Angalieni basi hawa wawili walivyofanya. Hakuna hata mmoja aliyemwambia mfiwa asilie. Budha hakumhubiria mama yule. Alimtuma kwa majirani, na majirani, kila mmoja na kifo chake, ndio waliomponya. Saadi aliupeleka msiba wake mbele, akaufanya kazi: jiandalie taa. Mmoja amemtoa mfiwa katika upweke wa kudhani kwamba ni yeye tu. Wa pili amemtoa katika kutazama nyuma. Dawa ya kwanza yasema, wote wamefikwa. Dawa ya pili yasema, nawe wafika, basi jitayarishe, kwani mbele yako iko hesabu na yuko Mwenye kuhesabu. Hapa tayari twaona mahali njia zinapoanza kugawanyika. Kwa Saadi kaburi ni mlango. Na nyuma ya mlango yuko Mola anayengoja.

Jambo la pili ni kisa cha tembo, na hiki ni ushahidi wazi kwamba hekima husafiri. Katika maandiko ya kale ya Mabudha, mfalme wa Savatthi aliwakusanya watu waliozaliwa vipofu akawaonyesha tembo kwa kuwagusisha. Aliyegusa kichwa alisema tembo ni kama mtungi. Aliyegusa sikio alisema ni kama ungo. Aliyegusa mguu alisema ni kama nguzo. Aliyegusa ncha ya mkia alisema ni kama ufagio. Wakabishana hata wakapigana makonde, na mfalme akacheka. Budha alikusudia kuwaonya wenye madhehebu waliokuwa wakitukanana, kila mmoja akidhani kipande alichoshika ni kitu kizima.

Imam Ghazali alikitumia kisa hicho katika Ihya. Sanai wa Ghazni akakitunga kwa mashairi: mji mzima wa vipofu, mfalme amepiga kambi karibu nao akiwa na tembo wake, wajumbe wametumwa wakapapase na kurudi na habari. Yeye alikusudia kusema kwamba akili ya kiumbe haiwezi kumzunguka Muumba. Kisha kikamfikia Rumi, naye akakigeuza kwa namna ya ajabu. Katika Mathnawi ya Rumi hakuna kipofu hata mmoja. Watu wana macho mazima, ila nyumba ndiyo yenye kiza. Wahindi wameleta tembo kumwonyesha, watu wameingia kwa haraka na kupapasa: aliyeshika mkonga asema ni bomba la maji, aliyeshika sikio asema ni kipepeo, aliyeshika mgongo asema ni kiti cha enzi. Na Rumi amaliza kwa kusema kwamba lau kila mmoja angalikuwa na mshumaa mkononi, tofauti zao zingaliondoka.

Ndugu zangu, badiliko hilo dogo lina maana kubwa. Mfalme wa Savatthi hakuwa na la kuwafanyia vipofu wake ila kuwacheka. Aliyezaliwa hana macho hatapewa na fimbo ya mfalme. Bali mwenye macho aliyemo kizani anaweza kuletewa taa. Sisemi kwamba Budha hakuwa na taa ya kuwapa watu wake. Ile njia yake ya sehemu nane ndiyo taa kwake. Nasema kwamba Rumi amelihamisha kosa kutoka katika jicho na kulitia katika nyumba, kwa sababu Rumi anaamini kwamba Mwenyezi Mungu alimuumba mtu akiwa na uwezo wa kuona, na kwamba nuru hutoka Kwake. Kisa ni kimoja, tembo ni yule yule, lakini nyumba aliyoingizwa ni nyumba nyingine. Hivyo ndivyo watu wenye akili wanavyoazima: hawaazimi vazi wakalivaa kama lilivyo, bali hulipeleka kwa fundi lishonwe upya kwa kipimo chao.

Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni jambo la kiu. Nimesema kwamba chanzo cha dhiki, kwa Budha, ni tamaa. Katika lugha ya Kipali neno analolitumia ni tanha, na asili ya neno hilo ni kiu hasa, ile ya koo kavu. Mtu ana kiu ya anasa, kiu ya kuwapo, kiu ya kutokuwapo. Hunywa na asishibe, kama anywaye maji ya chumvi. Kazi ya mwenye hekima ni kuikata kiu hiyo mpaka ikome.

Mgeukie Rumi sasa. Mathnawi nzima, yenye beti zipatazo 25,000, yaanza kwa kilio cha filimbi iliyokatwa kwenye matete, ambayo tangu siku ile haiachi kuomboleza ikitamani ilikotoka. Na Rumi hamwombei filimbi yule apone kilio chake. Laiti angepona, asingekuwa filimbi tena. Angekuwa ufito mkavu. Kwa Rumi kiu ndiyo dalili kwamba maji yapo, na maji nayo yamtafuta mwenye kiu. Kazi ya mwenye hekima ni kuilinda kiu hiyo isije ikapozwa kwa kinywaji cha bei rahisi.

Basi twaona watu wawili waliotumia neno moja, kiu, na mmoja amesema izime, wa pili amesema iwashe. Je, ni wapinzani kabisa? Tusiharakishe. Rumi naye apigana na matamanio ya nafsi, mali, cheo na tumbo, kwa ukali usiopungua ule wa Budha. Na Mabudha nao hukubali kwamba iko hamu njema ya kuifuata njia, kwa kuwa asiyetaka kuvuka hapandi chombo. Wote wawili wakubaliana juu ya kiu ya dunia. Wanapoachana ni hapa: Budha hakujenga mafundisho yake juu ya Muumba apendaye na apendwaye, na kwa hiyo kiu ikiisha, kazi imekwisha. Rumi ana Mpendwa. Akiisha kuikata kiu ya vitu, ndipo kiu yenyewe inapoanza.

Na jambo hilo hilo laonekana katika mfano wa moto. Neno nirvana maana yake ni kuzimika, kama taa inavyozimika. Wengine wamelisikia wakadhani Budha ahubiri kuangamia. Lakini ni moto gani unaozimwa? Mwenyewe ameueleza: ni moto wa uchu, moto wa chuki na moto wa ujinga. Attar naye, katika kisa cha ndege, asimulia vipepeo wa usiku waliotaka kuijua habari ya mshumaa. Wa kwanza aliuona kwa mbali akarudi. Wa pili akakaribia mpaka bawa likaungua, akarudi. Wa tatu akajitupa ndani, akawa mwekundu kama moto wenyewe, wala hakurudi. Huyo peke yake ndiye aliyejua. Kwa Budha moto unazimwa. Kwa Attar kipepeo anaingia motoni. Anayesoma upesi atasema haya ni kinyume. Anayesoma polepole ataona kwamba moto wenyewe si mmoja: wa kwanza ni moto ulioshika paa la nyumba, na mwenye akili huuzima, wa pili ni taa ya Mpendwa, na mwenye kupenda huiendea.

Mafakiri wetu huiita hali ile ya kipepeo fana, kujipoteza, na kwao fana hufuatwa na baqa, kubaki kwa Mwenyezi Mungu. Mwanachuoni wa Kiingereza Reynold Nicholson, katika kitabu chake cha mwaka 1914, aliona kwamba wazo la fana asili yake ni Bara Hindi. Lakini yeye mwenyewe alikiri kwamba fana na nirvana hazilingani, kwa sababu nirvana haina hiyo baqa. Mfaransa Louis Massignon, mwaka 1922, alishika njia nyingine: alichunguza maneno ya Masufi moja moja akaonyesha kwamba mizizi yao imo katika Kurani iliyosomwa na kukaririwa usiku na mchana. Kwa maoni yangu kisa cha tembo ndicho kinachotufundisha jinsi ya kuamua. Visa vilisafiri, na hakuna aibu kusema hivyo. Lakini moyo uliovipokea ulikwisha kuwa na Kibla chake.

Liko jambo la nne, juu ya nafsi, nami nitalipita kwa ufupi. Mtawa Nagasena alimwuliza Mfalme Milinda: gari lako ni lipi? Ni gurudumu? Ni mhimili? Ni nira? Na mfalme alipokana kimoja kimoja, aliambiwa kwamba vivyo hivyo mtu ni jina tu la vitu vilivyokusanyika, wala ndani yake hapana mwenye nyumba. Attar yeye awapeleka ndege wake katika mabonde saba kumtafuta mfalme wao Simurgh. Waliofika ni thelathini, na walipotazama walijiona wenyewe, kwa kuwa si murgh kwa Kiajemi ni ndege thelathini. Wote wawili wamevunja ile mimi ya majivuno. Lakini mmoja, baada ya kuivunja, amekuta chumba kitupu na akapata raha kwa utupu wake. Wa pili amekuta kioo, na kioo hakina maana pasipo Mwenye kutazama ndani yake. Sisi Waislamu tunajua tuko upande upi wa tofauti hii, na hatuna haja ya kuificha ili tumpendeze mtu.

La mwisho ni rehema. Huku juu wameachana, lakini chini, katika vitendo, wanakutana tena. Budha alifundisha kuvitakia heri viumbe vyote, kama mama amlindavyo mwanawe wa pekee. Saadi aliwafananisha wanadamu na viungo vya mwili mmoja, kimoja kikiumwa vingine havipati raha. Na wenye kujua Hadithi watatambua mara moja alikoipata maana hiyo. Saadi huyo asimulia pia kwamba Sheikh Shibli alinunua ngano dukani, na alipofika nyumbani akamwona chungu mmoja ndani ya gunia akihangaika. Hakupata usingizi usiku ule, hata akamrudisha chungu mahali alipotoka. Mtawa wa Kibudha akisikia kisa hicho hatauliza maana yake. Wala jirani yetu yeyote katika mitaa hii, awe wa dini gani, hatauliza maana yake, iwapo atatuona tukikitenda.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nitafunga kwa kukumbusha habari moja. Katika bonde la Bamiyan, lililo katika nchi ile ile ya Afghanistan, yalisimama masanamu mawili ya Budha yaliyochongwa mlimani, moja la kimo cha mita 55, la pili mita 38. Waislamu waliyakuta, wakaishi chini yake karne nyingi, wala hatukusikia kwamba kuna aliyeyasujudia. Unsuri, mshairi wa baraza la Sultan Mahmud wa Ghazni, yule yule aliyevunja sanamu la Somnath, alitunga juu yake kisa cha mapenzi kiitwacho Sanamu Jeupe na Sanamu Jekundu, na Al-Biruni akakifasiri kwa Kiarabu. Kisha mwezi Machi 2001 Taliban waliyabomoa kwa baruti, na pango mbili tupu ndizo zilizobaki. Sitawahukumia hapa watu waliotenda lile. Lakini nawauliza vijana wetu: ni nani aliyekuwa na imani yenye nguvu zaidi, mwenye kupita chini ya sanamu karne nyingi na bado akasali sala zake, au mwenye kuona kwamba hawezi kusali mpaka mlima uwe tupu?

Hilo ndilo nililokusudia tangu mwanzo. Kumjua jirani hakumfanyi mtu kuwa jirani yake. Kunamfanya aijue vyema nyumba yake mwenyewe. Tumemsikiliza Budha, na tumeona kwamba aliyajua maradhi ya mwanadamu kwa undani sana. Tumewasikiliza washairi, na tumeona kwamba waliyajua maradhi yale yale, wakaongeza jina la Tabibu. Anayesema kwamba hawa ni kitu kimoja hakuwasoma. Anayesema kwamba hawana la kuambiana, yeye yu bado kizani na mkono wake umeshika sikio la tembo.

Namwomba Mwenyezi Mungu aibariki Jumuiya yetu, awarehemu walioianzisha na kutangulia, awape vijana wetu mshumaa wa elimu pamoja na adabu ya kuushika, na atufanye miongoni mwa wenye kiu isiyopozwa na chochote ila Yeye. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.